Chupa Isiyotiwa Dawa

Yai la kwanza lilikuwa zima. Irine alilipasulia kwenye bakuli, akainama kulitazama: kiini kimetuna, ute umeshikana, yai la jana kabisa. Basi ile harufu ya yai viza ilikuwa inatoka wapi? Akapasua la pili. Zima. Akapasua la tatu na la nne, kila moja analinusa kama mtu anayetafuta ugomvi, na alipofika la nane bakuli lilikuwa limejaa mayai mazima matupu, na jiko lote linanuka uozo.

"Huyu mama wa mayai leo atanitambua," akasema peke yake, ingawa ushahidi wa kumshtaki mama wa watu hakuwa nao.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, Moshono, baridi ile ya kuvaa sweta juu ya sweta, ukungu umeshuka hadi getini na Mlima Meru huuoni. Princess, binti yake wa miaka saba, mtoto wao wa pekee, aliingia jikoni na soksi zake, akaziba pua.

"Mama, siyo mayai. Ni chupa za baba."

Juu ya jiko la gesi, pale lilipotakiwa kuwepo birika la chai, lilikaa sufuria kubwa la pilau, lile la sherehe. Ndani yake maji ya moto, na ndani ya maji chupa sita za kioo zenye mistari ya kupimia, zimesimama mpaka shingoni. Irine alizitazama, akalitazama sufuria lake, akavuta pumzi. Siku za amani mume wake alikuwa Baba Princess. Siku nyingine alikuwa na jina lake.

"Ludovick! Njoo hapa!"

Sasa, Ludovick hakuwa mtu mbaya. Mchaga wa Kibosho, mpole, mkemia kwenye maabara ndogo kule Sakina, nyuma ya gereji ya malori. Watu hudhani mafuta ya ardhini yanatoka safi kama ya kituoni. Wapi! Wachimbaji walioko huko chini kwenye bonde la ufa walikuwa wanaleta kitu kizito cha rangi ya ugoro, mafuta na maji vimeshikana havitaki kuachana, na ndani yake gesi inayonuka mayai viza. Kazi ya kina Ludovick ilikuwa kutafuta dawa ya kuviachanisha, na dawa ya kuiua ile gesi. Chupa tano zinatiwa dawa tano tofauti. Ya sita haitiwi kitu, inabaki kama ilivyotoka shimoni, ili ionekane zile nyingine dawa imefanya nini. Kisha kila chupa inatikiswa mara mia. Mia kamili, kwa kuhesabu kwa sauti, watu wawili wawili ili mikono iende sawa. Baada ya hapo zinakaa kwenye maji ya moto, na mkemia anasoma kila baada ya muda maji yametua kiasi gani.

Ijumaa umeme ulikatika Sakina, na jenereta ikagoma. Majibu yalitakiwa Jumatatu.

"Achana nazo, bwana," mwenzake Elimringi alimwambia. "Tutawaambia umeme. Nani hajui umeme wetu?"

Lakini Ludovick alikuwa na ugonjwa mmoja, sifa ya kazi. Akapakia chupa kwenye boksi, akaenda nazo nyumbani. Ukutani mwa maabara palikuwa na karatasi inayokataza kabisa kutoa sampuli nje, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Nyumbani alikosa mkono wa pili. Irine alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Akamwita Princess sebuleni, akachukua ile chupa isiyotiwa dawa, akakaza kifuniko, akaizungushia tepu, akaiviringisha kwenye taulo na kumkabidhi.

"Hii haina dawa, mama. Haiwezi kukudhuru. Tikisa kama mimi, na uhesabu kwa sauti."

Mtoto alifurahi, acha tu. Alikuwa ndiyo kwanza ameimudu mia shuleni. Wakatikisa, wakahesabu, baba sauti nene na mtoto sauti nyembamba, mpaka tisini na nane, tisini na tisa, mia!

"Baba, umezidisha," Princess akasema, anahema.

"Nimezidisha nini?"

"Umesema mia na moja."

"Mimi? Sijasema."

"Sasa nani kasema?"

Ludovick akacheka, akamfinya shavu, akawasha jiko. Hayo ndiyo aliyomweleza mkewe asubuhi ile mbele ya mayai manane, na Irine hakucheka hata kidogo.

"Umempa mtoto wangu hiyo takataka aishike?"

"Ilifungwa, Mama Princess. Nimekosa. Naziondoa sasa hivi."

Alipozitoa kwenye maji ndipo alipoona jambo ambalo hakumwambia mtu. Zile tano zilikuwa zimeachana, hii vizuri, hii nusunusu, kama kawaida ya dawa. Ya sita, ambayo ilipaswa kubaki tope vilevile, ilikuwa imeachana kuliko zote. Maji meupe chini, mafuta meusi juu, mstari katikati umenyooka kama umechorwa na rula. Na ilikuwa ya baridi. Imelala kwenye maji ya moto usiku kucha, na bado ilikuwa ya baridi kama imetolewa kwenye friji. Ludovick aliifuta kwa taulo, akazipanga zote kwenye boksi, akazifungia kwenye stoo ya uani.

Harufu haikuondoka.

Jumapili, walipotoka kanisani, Princess ndiye aliyepanga sahani mezani. Irine alikuja na bakuli la ndizi nyama, akasimama.

"Mbona sahani nne? Kuna mgeni?"

"Siyo mgeni, mama. Tuko wanne. Ametuhesabu."

"Nani ametuhesabu?"

"Yule wa mia na moja," Princess akajibu, akakaa, akavuta kijiko chake.

Irine alikuwa Mmeru wa juu ya Kikatiti. Kwao mtu hahesabu watoto wa mtu. Bibi yake alikuwa akiulizwa ana watoto wangapi anajibu, "Wapo wapo, Mungu kanijalia," na anayeng'ang'ania kuuliza anaonekana hana adabu au ana nia mbaya. Mwenyewe alisoma, akaolewa mjini, akajaza fomu ngapi sijui zenye kisanduku cha idadi ya watoto, na hayo mambo akayaweka kando. Mchana ule yalimrudia yote. Aliiondoa sahani ya nne, na alipoinyanyua akasikia uzito wa baridi ukimpanda hadi kwenye viwiko.

Wakaanza kula. Katikati ya chakula ikasikika kutoka stoo: kioo kinagonga kioo. Ting. Kimya. Ting. Kimya. Ting. Kisha kimya kirefu, kama mtu aliyeuliza swali anasubiri ajibiwe.

"Panya," Ludovick akasema.

"Panya wa wapi anayehesabu?" Irine akamjibu, na akatamani angeumeza ulimi wake.

Jumatatu Ludovick alikwenda kazini kuonana na wachimbaji, chupa akiwa ameziacha pale pale. Aliogopa kupita nazo mbele ya Elimringi, kwa aibu ya kuvunja katazo aliloliandika mwenyewe. Irine alibandika maziwa, akatoka kuanika nguo. Aliporudi maziwa yalikuwa yameungua, moshi umejaa jiko, harufu ya kuchoma macho, na Princess amekaa kwenye stuli hatua mbili kutoka jikoni, anachora.

"Princess! Husikii maziwa yanaungua?"

"Sisikii kitu, mama."

Irine akampa kitunguu alichokikata hapo hapo. Hasikii. Akampa mafuta ya taa. Hasikii. Akampa sabuni, kahawa, hata soksi ya baba yake ya juzi. Mtoto anatikisa kichwa tu. Irine akapiga magoti ili amtazame puani, na Princess akapumua, na pumzi iliyotoka kinywani mwa mtoto yule mzuri ilikuwa harufu ya mayai viza.

Jioni alipomsimulia mumewe, Ludovick alikaa chini. Ajabu ni kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli, yeye msomi, kwa sababu alikuwa anakijua kitu ambacho mkewe hakukijua. Ile gesi ikiwa kidogo inanuka, na mtu anakimbia. Ikizidi, inaua pua kwanza. Mtu anadhani imeondoka, anashukuru, anakaa. Vijana wa kisimani hufundishwa hivyo siku ya kwanza kabisa: ukisikia harufu, una muda, ikikatika ghafla, huna.

Alitoa mfukoni kipima gesi chake, kile kidude cha njano wanachobana kifuani wakienda kisimani. Akapita nacho jikoni, sebuleni, stoo, hata juu ya zile chupa. Sifuri. Kila mahali sifuri. Akaingia chumbani kwa Princess, aliyekuwa amelala mapema, akakishusha karibu na midomo yake.

Kikalia. Tii. Tii. Tii. Kwenye kioo chake namba ilipanda: moja, mbili, tatu. Ikasimama kwenye tatu. Haikuongezeka, haikupungua, ikasubiri.

"Toa hicho kitu!" Irine alinong'ona, machozi yanamtoka. "Kitoe, Ludovick, kitamwamsha."

"Kimelia mwenyewe, Irine. Yesu na Maria, kimelia kwenye pumzi yake."

Hospitali walikwenda Jumanne, usije ukadhani ni watu wa kukimbilia waganga. Daktari alisikiliza mapafu, akapima damu, akasema kifua safi, mafua ya baridi, mpeni maji ya moto. Walipotoka nje Princess alikuwa anahema kama bibi kizee aliyepanda mlima. Irine akamgeukia mumewe.

"Mimi naenda kwa Babu Sadoki. Wewe na sayansi yako mtanikuta huko."

Babu Sadoki alikuwa ndugu wa babu yake Irine, mzee mwembamba wa juu ya Kikatiti, kwenye migomba na mibuni, Mlutheri wa kiti cha mbele. Mganga hakuwa, na ukimwita mganga anakufukuza. Kazi yake ya miaka arobaini ilikuwa kuchimba visima kwa mkono. Ameshuka kwenye mashimo ambamo wenzake wawili hawakutoka. Ludovick naye alikwenda, mimi sijui kama ni kwa sayansi au kwa kukosa pa kushika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mleteni mtoto huku kwenye mwanga."

Mzee hakumgusa Princess. Alimnusa tu kwa mbali, akafumba macho kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani asiyempenda.

"Haya maji mmeyatoa wapi?"

Ludovick akaeleza. Kina cha kisima, mafuta, dawa, chupa. Mzee alimwacha amalize.

"Na mlihesabu?"

"Ndiyo, babu. Kutikisa. Mara mia."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Aa, mkwe wangu." Babu Sadoki akashika kichwa. "Elimu yote hiyo! Hebu niambie, umewahi kumwona mchimbaji wa kisima anahesabu ndoo kwa mdomo?"

Akanyanyuka, akaleta kopo la kahawa lililochakaa, akalitikisa. Lilikuwa na maharage.

"Ndoo ikipanda, unaweka punje koponi. Ikipanda nyingine, punje nyingine. Jioni unazimwaga, unaona. Mdomo unanyamaza. Watu wa pwani wanamwita jini, ninyi mtamwita gesi, sisi tunasema mwenye maji. Amekaa huko chini peke yake tangu dunia iumbwe. Hana wa kwanza, hana wa pili. Sasa wewe umemtoa, umemtia joto, umemweka mkononi mwa mtoto, umemfundisha kuhesabu! Akijua kuhesabu anataka na yeye ahesabiwe. Nyumba yenu ina watatu. Anaitafuta nne yake."

Irine alijifunika uso kwa kitenge.

"Tufanyeje, babu?" Ludovick akauliza, na sauti yake haikuwa ya mkemia tena.

"Hatumfukuzi. Mtu uliyemkaribisha humfukuzi, unamwomba radhi." Mzee akatoka nje, akakata jani la isale mpakani mwa shamba, lile ambalo watu wa milima hii hupelekeana wakikosana. "Nitalifunga kwenye chupa yake. Tutakaa naye. Atahesabu, akifika tatu atauliza. Msimjibu. Hata iweje, nne isitoke kinywani mwa mtu. Akichoka anarudi chupani, maana ndiyo njia aliyojia, na wewe utaipeleka chupa mpaka shimoni mlikoitoa. Lakini mnisikilize vizuri, wazazi. Atakayejibu, ndiye atakayekaa naye."

Walirudi Moshono siku hiyo hiyo pamoja na mzee. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini ukungu ulikuwa umekaba madirisha hata wakawasha taa. Babu Sadoki aliweka ile chupa katikati ya meza ya sebuleni, isale limefungwa shingoni, na bakuli la maziwa pembeni. Maharage akayamwaga mezani, kopo tupu akaliweka mbele. Princess alilazwa kwenye kochi, kichwa mapajani mwa mama yake. Kipima gesi kilikuwa kifuani mwa Ludovick, kimenyamaza.

"Kila mmoja wa nyumba hii atie punje yake," mzee akanong'ona. "Midomo mmefunga."

Irine akatia. Ludovick akatia, akamshika Princess mkono, akatia naye ya kwake. Kila punje ililia chini ya kopo. Kisha, mikono yao wote ikiwa magotini, kopo likalia tena.

Harufu ikaja. Ilianzia sakafuni, ikapanda, ikawashika kooni, mpaka Irine akabana kitenge mdomoni asitapike. Kwenye chupa yale maji meupe yakaanza kushuka, pole pole, mstari kwa mstari, na kifuniko kimekazwa.

"Moja," Princess akasema. Macho yake yalikuwa yamefumba. "Mbili." Kipima gesi kikalia kifuani mwa baba yake. "Tatu."

Kimya.

Hakuna aliyejibu. Dakika zikapita, saa ya ukutani inasikika, na maziwa kwenye bakuli yakafanya utando wa kijivu.

"Moja. Mbili. Tatu." Halafu mtoto akafungua macho, na ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kuomba msaada wa kazi za shuleni. "Baba? Nimesahau. Baada ya tatu ni ngapi?"

Ludovick akauma midomo. Babu Sadoki akamwonyesha kiganja: tulia.

"Baba, mwalimu atanichapa. Baada ya tatu ni ngapi? Baba, wewe ndiye umenifundisha. Baba, mbona hunijibu? Nimekosa nini?"

Na Ludovick akakaa pale, mtu aliyemfundisha mtoto huyo kila namba aliyoijua, kwa vijiti, kwa vidole, kwa ngazi za nyumba, akakaa na meno yake yamezama kwenye mdomo wa chini mpaka damu ikamtiririka kidevuni, huku kile kidude kifuani kinalia bila kupumzika, huku Irine anatikisa kichwa, usijibu, mume wangu usijibu, huku sauti inauliza na kuuliza tena na kila ikiuliza inakuwa nyembamba zaidi, kwa kuwa pumzi ya mtoto ilikuwa inaisha, kifua kinapanda na hakishuki, kucha zimekuwa za buluu na midomo ya buluu, na Ludovick, aliyefundishwa gesi hii inaua baada ya nini na nini, akaelewa kwamba mwenye maji alikuwa na subira tangu dunia iumbwe, angeweza kungoja mpaka kesho na keshokutwa, na Princess hakuwa na dakika mbili.

"Babu," Irine alilia, "anakufa! Mtoto wangu anakufa!"

"Bado kidogo," mzee akasema, lakini hata yeye alikuwa amesimama.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ludovick alipiga magoti mbele ya kochi, akaweka kinywa chake karibu kabisa na kinywa cha binti yake, uso kwa uso.

"Nne, mama," akasema. "Baada ya tatu ni nne. Njoo kwa baba."

Akavuta pumzi ndefu.

Taa haikuzimika wala mlango haukupigwa na upepo. Princess aliinuka ghafla, akakohoa, akapiga kelele, "Mama! Kunanuka! Mama, kunanuka vibaya!" na akaanza kutapika na kulia kama mtoto yeyote, na Irine akamkumbatia, akawa anacheka na kulia pamoja, anamnusa nywele, anamnusa shingo, na shingo ilinuka jasho na mafuta ya nazi tu. Walifungua madirisha, wakapepea kwa vitenge. Babu Sadoki mwenyewe alikuwa ameziba pua kwa kofia.

Ludovick peke yake alibaki amepiga magoti, anawatazama mmoja mmoja.

"Harufu gani?" akauliza. "Mimi sisikii kitu."

Kesho yake asubuhi aliondoka na boksi la chupa. Mzee alimwambia maneno machache getini: shimoni kwake huyo ni mtulivu, karibu na shimo hatamla mtu haraka; kaa huko, usihesabu kitu kwa mdomo, pengine atachoka. Ludovick aliomba kuhamishiwa kambini kisimani, na kazini wakashukuru, maana nani anataka kuishi kwenye lile vumbi? Chupa alizimwaga shimoni. Ile ya sita ilikuwa tupu alipoifungua. Alijua ingekuwa tupu.

Elimringi alikwenda huko mwezi wa kumi kuchukua sampuli, akarudi Sakina mnyonge. Alisema Ludovick amekonda, analala peke yake kwenye kontena la mwisho, na kipima gesi kimetundikwa mlangoni kwake kwa nje. Wenzake ndio waliokitundika.

Lakini alipiga simu. Kila jioni saa kumi na mbili, hakukosa hata mara moja. Na kila jioni aliuliza swali lile lile.

"Mama, leo kunanuka nini huko?"

Princess alizunguka nyumba nzima na simu sikioni, anamnusia baba yake. Leo vitunguu, baba. Leo mama amekaanga kahawa. Leo mvua, baba, udongo unanuka mvua. Na huku upande wa pili Ludovick alisikiliza, akiyameza maneno hayo kama chakula. Irine akiwa jikoni alikuwa anageukia ukuta ili mtoto asione. Alimpenda mume wake, na siku hizo alimpenda kuliko siku aliyovalishwa pete, na hakuwa na la kumfanyia. Alichoweza ni kopo. Babu aliwaachia lile kopo la kahawa, na nyumba ile hesabu zote zilifanywa kwa punje: mayai, sahani, hata hesabu za shule kabla hazijaandikwa.

Desemba ikaingia. Watu wa Kilimanjaro wakaanza kurudi kwao, barabara ya Moshi imejaa magari, na shuleni watoto wote walikuwa wanasema baba yangu anakuja lini, tunaenda lini. Jioni moja simu ilipigwa, Princess akaikimbilia, akatoka nayo kibarazani. Irine alimsikia anasimulia: leo maandazi, baba, na iliki. Kisha akamsikia anauliza, kwa furaha, kabla hajawahi kumzuia:

"Baba, zimebaki siku ngapi uje?"

Kijiko kilimponyoka Irine. Alitoka mbio na unga mikononi. Princess alikuwa amesimama kibarazani, simu imeshakatika, macho yanang'aa.

"Mama! Anakuja kesho! Nimemuuliza siku ngapi, akanyamaza sana, kama ameziba mdomo. Halafu nikasikia, moja! Halafu ikakatika."

Irine alichukua simu, akapiga. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Mtoto alikuwa ameshakimbilia kabatini kutoa sahani. Irine alimfuata, akamshika mabega, akamgeuza taratibu, na akajilazimisha kusema kwa upole.

"Princess, mama. Hiyo moja, baba ameisema kwa sauti yake?"

Mtoto akafikiri, kwa uaminifu, sahani zimekumbatiwa kifuani.

"Hapana," akasema. "Kwa yangu."